Cheti cha Moto kwa Siku Moja

Meli ilikuwa imefungwa gatini na haikuweza kuondoka, kwa sababu mabaharia wake kumi na watatu hawakuwa na vyeti halali vya kuzima moto. Hakukuwa na jambo jingine. Injini ilikuwa nzima, mafuta yamejaa, mifuko ya mbolea imepangwa tumboni mpaka juu. Mkaguzi wa bandari alipanda asubuhi, akaomba vyeti, akavisoma kimoja kimoja kama anayesoma barua za mapenzi za mtu mwingine, kisha akavirudisha.

"Hivi vimekufa," akasema, akashuka ngazi.

Chuo cha kweli kilifundisha somo hilo kwa wiki nzima, na foleni ya kuingia ilikuwa ndefu kuliko somo lenyewe. Mbolea, kwa upande wake, ilikuwa inangojwa ng'ambo na watu wasiopenda kungoja.

Habari hizi zilimfikia Mkufunzi akiwa kwenye duka la fotokopi, anasubiri kitu chake kipitishwe kwenye plastiki. Mkufunzi hakuwa mkufunzi wa chochote. Jina hilo alijipa mwenyewe msimu aliouza kozi ya kufuga kuku kwa njia ya simu. Kabla ya hapo aliitwa Wakili, na kabla ya Wakili aliitwa Mpima, alipokuwa akiuza viwanja vilivyokuwa katikati ya barabara. Kila jina aliliacha salama, kwa kawaida kupitia mlango wa nyuma.

Pale dukani aliingia mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na simu sikioni. Huyu alikuwa wakala wa mabaharia. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu meli na meli watu, na kukata kamisheni pande zote mbili. Mji mzima wa bandari ulimwita Mama Wakala, wengine kwa heshima.

"Kumi na watatu!" alikuwa anapiga kelele simuni. "Nawatoa wapi vyeti kumi na vitatu kabla ya wiki kuisha? Na yule wa kumi na nne nitamfinyanga kwa udongo?"

Maneno ya kumi na nne Mkufunzi aliyasikia vizuri kabisa. Hakuyatilia maanani. Yeye alikuwa anawinda upande wa kumi na tatu.

Mama Wakala alipokata simu, Mkufunzi akamsogelea. "Samahani, mama. Nimesikia bila kusikiliza."

"Umesikia nini?"

"Moto."

Mama Wakala akavaa miwani. Aliona mwanamume mwembamba, shati jeupe limenyooshwa, ndevu zimechongwa, kalamu tatu mfukoni. Kalamu mbili zilikuwa hazina wino, lakini hilo halionekani kwa nje.

"Wewe ni nani?"

"Mkufunzi wa zimamoto za majini."

"Na unafundishia nchi kavu?"

"Majini, mama, mnakuwa mmeshachelewa."

Jibu hilo lilimpendeza. "Kwa muda gani?"

"Chuoni, wiki nzima."

"Ya chuoni nayajua. Nakuuliza wewe."

"Kesho," akasema Mkufunzi. "Asubuhi nadharia, mchana moto, jioni vyeti."

Wakaanza kuvutana juu ya bei, na sitawachosha na hilo, maana ulikuwa mvutano wa watu wawili waliokwisha kukubaliana moyoni. Mama Wakala alijua vyeti vile haviwezi kuwa vya kweli kwa bei ile. Kilichomvutia ni kwamba mabaharia angewatoza bei ya chuo.

"Lakini nionyeshe kitu," akasema mwishoni. "Mtu hanunui mbuzi kwenye gunia."

Mkufunzi alikuwa amengojea hilo tu. Akafungua mkoba, akatoa kitabu cha ubaharia chenye picha yake, miaka kumi na moja ya baharini, na mihuri ya bandari nane. Mihuri yote minane aliichonga fundi viatu kwenye soli ya raba. Akatoa cheti cha afya. Akatoa, kama anayemalizia kwa kubandika tarumbeta mdomoni, cheti cha juu cha kuongoza kikosi cha kuzima moto melini, chenye nakshi ya dhahabu pembeni. Alikitengeneza kwa ajili ya kukitundika ukutani.

Mama Wakala alikitazama kile kitabu kwa muda mrefu. Akarudi ukurasa wa kwanza, akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama tena cheti cha dhahabu.

"Kweli umesafiri kote huku?"

"Mama, mpaka leo nikilamba mkono nasikia chumvi."

Ukweli ni kwamba Mkufunzi alipanda chombo cha majini mara moja tu maishani, pantoni ya kuvuka mto, akatapika kabla kamba haijafunguliwa.

"Una mke?" akauliza Mama Wakala.

"Ninaye."

"Vizuri," akasema, akavua miwani. Mkufunzi alidhani anazungumza naye tu kwa adabu.

*

Mke wa Mkufunzi alikuwa mjamzito wa miezi minane. Walikuwa wameoana miaka kumi na miwili na hawajapata mtoto, na majirani walikwisha kuchoka kuwapa pole. Ilipojulikana, mtaa mzima ukambatiza Mama Kijacho. Mkufunzi, ambaye alikuwa amewadanganya watu wa kila kabila na kila dini bila kukosa usingizi, alikuwa kila jioni anaweka sikio kwenye tumbo lile na kunyamaza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Siku yako ikifika nitakuwa mlangoni," alimwambia. "Nje ya chumba cha kujifungulia, nimesimama. Akilia tu, naitika."

"Utaitika nini?"

"Naam."

Mama Kijacho alicheka, halafu akaacha kucheka. "Leo kliniki mkunga kaniuliza kazi ya baba."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia aache nafasi, nitakuja kujaza."

Pale mezani alikuwepo na kaka yake Mama Kijacho, aliyejulikana kwa jina la Shemeji hata kwa watu wasiokuwa shemeji zake. Alikuwa mtu wa maneno machache na sahani kubwa. Kazi yake ilikuwa kumsaidia Mkufunzi: kubeba, kuchora, kupaka rangi, na inapolazimu kukimbia upande wa pili ili wafukuzaji wagawanyike. Malipo yake yalikuwa wiki ijayo. Yalikuwa wiki ijayo kwa mwaka wa tatu sasa.

"Kesho tuna kazi," Mkufunzi akamwambia. "Tafuta rangi nyekundu."

"Na lile deni langu la kuku, shemeji?"

"Wiki ijayo."

Shemeji akaongeza mchuzi.

*

Chuo kilifunguliwa kesho yake saa mbili asubuhi, kwenye ghala lililokuwa la magodoro. Mkufunzi alivaa shati lenye mabega ya dhahabu alilolikodi kwa fundi anayeshonea bendi za shule. Ukutani palikuwa na cheti chake. Mbele yake palikuwa na mitungi sita ya kuzimia moto: mmoja mzima, mmoja mtupu, na minne iliyokuwa vipande vya bomba la maji machafu, imepakwa rangi na Shemeji mpaka ikapendeza kuliko ule mzima.

Mabaharia waliingia wakakaa. Alikuwepo nahodha, mzee aliyesinzia mara moja. Alikuwepo serahangi, ndiye mkuu wa mabaharia wa sitaha, mtu wa shingo fupi anayehesabu kila kitu kwa kidole. Alikuwepo kijana wa chumba cha injini waliyemwita Mafuta. Na alikuwepo mpishi, mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekwisha kulipia kitu na anangoja akione.

"Kwanza saini," akasema Mkufunzi, akigawa karatasi. "Hapa, na hapa, na hapa nyuma."

"Tunasaini nini?" akauliza mpishi.

"Ndugu yangu, meli ikishika moto utaanza kusoma? Moto haungoji mtu asome. Hili ndilo somo la kwanza."

Wakasaini. Kilichoandikwa ni kwamba hakuna kurudishiwa hela.

Nadharia ilikwenda vizuri. Mkufunzi alieleza kwamba moto una aina tatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na kwamba kila mmoja una tabia yake. Alieleza kuwa moshi hupanda juu kwa sababu ya hasira. Nahodha alikoroma kwa kukubali.

Mchana wakatoka uani. Shemeji alikuwa ameweka karai la mafuta ya kupikia juu ya mkaa tangu saa tano, na sasa yalikuwa yanawaka kwa juu, ulimi mrefu wa rangi ya machungwa.

"Huu ni moto wa kati," akasema Mkufunzi. "Mpishi, jikoni ni kwako. Chukua ndoo, uzime."

Mpishi akatazama karai. Akatazama ndoo. "Maji?"

"Maji ni adui wa moto. Hili hata mtoto analijua."

"Mwalimu, mimi jikoni kwangu huwa nafunika."

"Jikoni kwako. Hapa uko chuoni."

"Basi wewe sogea, mwalimu."

"Sisogei. Mimi nitasimama karibu, nione mkono wako."

"Sawa," akasema mpishi. "Nimelipia mafunzo, acha nifunzwe." Akarudi hatua kadhaa, akanyoosha mkono wake mrefu, akamwaga.

Karai lililipuka likawa nguzo ya moto iliyofika usawa wa paa. Mabaharia wote walikuwa wamekwisha kurudi ukutani, kwa namna ya watu waliowahi kuona jambo hili. Shemeji akafunika karai kwa mfuniko wa pipa, moto ukafa. Moshi ulipotulia, Mkufunzi alikuwa amesimama palepale, kidole kimenyooka, hana nyusi.



"Hiyo," akasema Mkufunzi taratibu, "ndiyo sababu hatutumii maji."

"Tumeelewa," akasema mpishi. "Tungesoma kitabuni tusingeelewa hivi."

Wakaanza kuvaa kofia zao, na Mafuta akasikika akisema neno hela, na mwingine akalirudia. Mkufunzi alilijua neno lile linavyokua likiachwa. Akapuliza filimbi.

"Hakuna kuondoka! Mko kwenye kituo cha kukusanyikia. King'ora kikilia, watu wote mnakusanyika sehemu moja, mnahesabiwa. Hakuna mtu anayetoka kituoni mpaka hesabu itimie. Mmoja akikosekana, tunaanza upya. Awe nahodha, awe mwalimu, hatoki!"

Sheria hiyo aliitunga papo hapo ili walinde mlango wenyewe. Lakini serahangi akatikisa shingo yake fupi.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Melini ndivyo ilivyo."

Mkufunzi alishtuka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusema kweli bila kukusudia. Serahangi akawahesabu kwa kidole, wakatimia, Mkufunzi akawahesabu tena, na tena, mpaka vyeti vikatoka kwenye mashine vikiwa vya moto.

*

Ofisi ya Mama Wakala ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati. Alimpa Mkufunzi nusu ya malipo na chai.

"Nusu nyingine atakupa nahodha mkononi, melini kesho," akasema. "Mkaguzi anataka kuona zoezi. Kilie king'ora, watu wajipange, maji yatoke. Na anataka mkufunzi wao awepo."

"Melini?" akauliza Mkufunzi.

"Imefungwa kamba, Mkufunzi. Haiumi. Au baharia wa miaka kumi na moja anaogopa ngazi?"

"Mimi? Nimekumbuka tu zamani."

"Basi saini hapa, ya kupokea nusu. Na hapa. Na hapa nyuma."

Karatasi zilikuwa nyingi kuliko nusu yenyewe. Mkufunzi akainama kusoma, na Mama Wakala akagonga meza kwa kalamu.

"Mkaguzi anangoja jibu langu simuni. Unataka kusoma au unataka hela?"

Akasaini. Mtu anaweza kuuza maneno miaka ishirini na asiyatambue akiuziwa.

Alipokuwa anashuka ngazi alikutana na Shemeji anapanda.

"Huku unatafuta nini?"

"Nimeulizwa kama nina mtu wa kuuza," akasema Shemeji.

Mkufunzi akacheka. Hakuwahi kumsikia shemeji yake akitania, akaona ujauzito wa dada yake umemchangamsha.

Asubuhi iliyofuata Mama Kijacho aliamka mapema kuliko kawaida. Alimpikia uji mzito, akamtazama akinywa mpaka mwisho. Akamrekebishia kola ya lile shati la bendi, ambayo haikuwa na tatizo.

"Nitarudi mchana," akasema Mkufunzi.

"Haya."

"Mbona macho mekundu?"

"Kuni," akasema Mama Kijacho. Nyumba ile walipikia gesi.

*

Shemeji alitangulia kupanda melini na begi kubwa la vifaa begani, akalishusha kwenye kona ya sitaha, akashuka kimya kama alivyopanda. Mkufunzi alipanda ngazi amefumba macho. Juu akayafungua, akaona kwamba meli ni kama mtaa: ina chuma, ina rangi iliyobanduka, ina watu wamesimama bila kufanya kitu. Roho ikamrudi.

King'ora kikalia. Mabaharia wakafanya kila kitu sawasawa, kwa sababu walikuwa wamekifanya miaka na miaka kabla ya kukutana na chuo cha magodoro. Wawili walivaa makoti mazito na mitungi ya hewa mgongoni. Wengine walikunjua mpira wa maji, maji yakaruka baharini kama inavyotakiwa. Mkufunzi alitembea katikati yao mikono nyuma, akisema "Vizuri" na "Kiwiko juu," na mkaguzi akawa anaandika.

Kisha wakakusanyika kituoni, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea. Serahangi akamvalisha Mkufunzi moja, akalikaza kamba kwa nguvu kidogo.

Mkaguzi akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu. "Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne." Ya kumi na nne iliishia kwenye kifua cha Mkufunzi. "Na mnatakiwa kumi na nne?"

"Kumi na nne," akasema nahodha, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa macho kabisa.

"Safi. Meli iko huru."

Mkufunzi aliona kosa lile. Mabaharia walikuwa kumi na watatu, na yeye alikuwa mgeni. Lakini katika kazi yake palikuwa na adabu moja aliyoishika kuliko zote: ofisa wa serikali akikosea kwa upande wako, usimrekebishe. Akanyamaza. Akamtazama mkaguzi akishuka ngazi, akamgeukia nahodha, akasugua dole gumba na kidole cha shahada kwa heshima.

"Ile nusu, mzee wangu."

"Utaipata," akasema nahodha. "Hesabu ikitimia." Akaenda juu kwenye usukani.

Serahangi akaanza kuhesabu kwa kidole. Alifika kumi na mbili akasimama. "Mafuta yuko wapi?"

"Kashuka kwenye injini," akasema mpishi.

"Tunaanza upya."

Walimngoja Mafuta. Chini ya miguu yao chuma kikaanza kutetemeka polepole, kama mtu anayejikuna ndani ya blanketi. Hesabu ikaanza. Wawili wakawa wamekwenda mbele.

"Wamekwenda kufanya nini?"

"Kamba."

"Tunaanza upya," akasema serahangi.

"Ndugu zangu," akasema Mkufunzi, "hebu mimi nisogee pembeni, mjihesabu wenyewe."

"Hatoki mtu kituoni mpaka hesabu itimie," akasema mpishi kwa upole. "Awe nahodha, awe mwalimu."

Wawili wengine wakaenda nyuma. Serahangi akaanza moja. Mkufunzi akageuka kutazama ghala za bandari, akaona jambo lililomshangaza.

"Mbona gati linatembea?"

Serahangi akalitazama gati. "Halijawahi," akasema.

Hapo Mkufunzi akaisahau hesabu. Alikimbia ngazi ilipokuwa, akakuta imekwisha kupandishwa na inafungwa kamba. Akatia mguu kwenye ukingo, akatazama maji ya kijani yaliyokuwa yanapanuka katikati ya chuma na saruji, na mguu ukakataa. Kiatu tu ndicho kilichotii. Kilidondoka, cha kushoto, kikaelea mara moja kama kinachoaga, kikazama.

Ng'ambo ya maji yale alisimama Shemeji. Alikuwa amevaa viatu vipya. Akapunga mkono.

"Nimetekwa!" Mkufunzi akapiga kelele. "Mimi si baharia!"

"Kitabu chako kinasema miaka kumi na moja," akasema serahangi nyuma yake. "Mimi nina tisa. Meli hii haiondoki bila mtu mwenye cheti cha kuongoza kikosi cha moto. Wa kwetu alishuka bandari iliyopita kwenda kuoa, akanogewa. Mama Wakala kasema kakupata wewe, na una nakshi ya dhahabu."

"Nimekifoji!"

"Najua. Nilikuwepo uani." Serahangi akatazama pale nyusi zilipokuwa. "Lakini ukilisema hilo kwa mkaguzi, unashukia polisi. Ukinyamaza, unashukia nyumbani, mkataba ukiisha. Chagua mwenyewe."

Mkufunzi akaliendea begi la vifaa, labda mle kulikuwa na kitu cha kumwokoa. Akalifungua. Hakukuwa na bomba la rangi nyekundu wala filimbi. Mlikuwa na mashati yake sita, yamekunjwa mikono kwa nyuma na kola kwa juu, namna ambayo ni mtu mmoja tu duniani hukunja. Soksi zimeviringishwa mbili mbili. Taulo, sabuni, sweta. Na pakiti kubwa ya tangawizi, ya kichefuchefu.

Akachukua simu. Ilikuwa bado ina mtandao.

"Umekula?" akauliza Mama Kijacho.

"Mke wangu, niko melini!"

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

"Meli inaondoka!"

"Si ndiyo kazi yake?"

Mkufunzi akakaa juu ya mpira wa maji uliokunjwa. "Kaka yako ameniuza."

"Amepata kamisheni. Mimi nitapata mshahara wako kila mwisho wa mwezi, moja kwa moja. Mama Wakala anakata mwezi wa kwanza wote, yule mwanamke ni mwizi. Lakini inayobaki ni ya kweli. Nimesaini jana. Nilisoma kwanza."

"Nilikuahidi nitakuwa mlangoni."



"Uliniahidi," akasema Mama Kijacho, na sauti yake sasa ilikuwa ya mbali. "Na ungekuwepo, nakujua. Ungekuwa umesimama mlangoni, na nyuma yako watu wa kuku, na nyuma yao watu wa viwanja, na safari hii na mabaharia, wote wanangoja utoke. Mtoto angelia, ungeitika, wangekujua kwa sauti. Nikaambiwa nichague. Mume mlangoni au mume kazini. Nililia, usije ukadhani sikulia. Halafu nikakukunjia mashati."

"Mama Kijacho..."

"Mkunga kaniuliza tena. Nimemjazia. Baharia. Imenikaa vizuri mdomoni. Kunywa tangawizi."

Mtandao ukakata. Mkufunzi akainama kwenye ukingo na kuurudishia ulimwengu ule uji mzito wote. Mpishi akaja akamshika mgongo.

"Pole, mwalimu," akasema. "Hesabu imetimia."

*

Yaliyofuata ni mafupi. Wiki mbili za kwanza alikuwa mgonjwa, akifuta kutu kwa mkono mmoja na kushika ndoo kwa mwingine. Baada ya hapo alikuwa baharia mbaya, na baada ya muda baharia wa kawaida. Jioni serahangi alimfundisha mpira wa maji na koti na mtungi wa hewa, kwa sababu nakshi ya dhahabu isingewavuta kutoka kwenye moshi. Hakumcheka, jambo lililomuuma zaidi.

Siku moja ya mawimbi, sufuria ya mafuta jikoni iliteleza, ikashika moto. Mpishi alikuwa ameanguka, mkono umeteguka. Aliyekuwa karibu ni Mafuta, na Mafuta alikuwa amekwisha kunyakua ndoo.

"Weka chini hiyo!" Mkufunzi akanguruma kutoka mlangoni. Akazima jiko, akasukuma mfuniko juu ya sufuria kwa ubao wa kukatia nyama, akasimama kando, jasho linamtiririka. Moto ukafa bila kelele.

"Nani kakufundisha?" akauliza mpishi kutoka sakafuni.

"Wewe," akasema Mkufunzi.

"Na mimi nililipia," akasema mpishi. "Tazama dunia ilivyo."

Habari ya mtoto aliipata kwenye bandari yenye baridi, kwa simu ya kuazima. Wa kike. Alilia kwa nguvu, akasema mama yake, na kwenye kile kikorido nje ya mlango hakuitika mtu. Shemeji alikuwepo, lakini alikuwa ameenda kununua maandazi. Mkufunzi, amesimama kwenye theluji na viatu alivyoazimwa, akasema "Naam" kwenye simu. Mtandao ulikuwa mbaya. Hakujua kama ilifika.

Mkataba ulipoisha alishushwa gati lilelile. Mama Wakala alikuwa chini ya ngazi, amevaa miwani yake, akampa mkono kwa heshima zote na kumwambia kuna meli ya saruji inaondoka karibuni, inahitaji mtu mwenye cheti cha dhahabu. Mkufunzi akamwambia atafikiri. Akapanda kwenda nyumbani kwa miguu, begi begani.

Mama Kijacho, ambaye sasa mtaa ulikwisha kumbadilisha jina, alifungua mlango na mtoto kiunoni. Mtoto akamtazama yule mtu aliyekuwa mweusi kwa jua, akaficha uso shingoni kwa mama yake, akalia.

"Mpe muda," akasema mke wake.

Hesabu yote ya hasara, basi, ni hii. Nyusi mbili, zimeota tena, ya kushoto ikiwa na pengo. Kiatu kimoja. Mshahara wa mwezi wa kwanza, aliokula Mama Wakala. Jina la Mkufunzi, ambalo safari hii hakuliacha kupitia mlango wa nyuma, liliisha tu lenyewe. Miezi tisa. Kilio kimoja ambacho hakukiitikia. Na meno mawili ya chini ya mtoto, meupe, ambayo yaliota yeye hayupo.